Positive ya Nini?

Mwanangu,

Marahaba. Salamu za wajukuu nimezipata, na ujumbe wako nimeusoma jana usiku, nikaurudia leo baada ya ibada. Unasema mganga mfawidhi wa kituo chenu anataka muache kuwaambia wagonjwa "positive", badala yake mseme "chanya", kwa kuwa Kiingereza kinawachanganya. Unaniuliza mimi, mkunga mstaafu, kama hilo ni sahihi.

Chanya tuliifahamu kwenye hesabu: namba chanya, namba hasi. Siku hizi kila ukifungua redio ni mtazamo chanya, mabadiliko chanya, fikra chanya. Sasa mtu aliyesikia hayo asubuhi akifika kwenu mchana akaambiwa damu yake ni chanya, si atasema alhamdulillahi? Neno la Kiingereza lina maana nyingi, na hilo la kwetu limezirithi zote. Kwa hiyo swali lenu la neno lipi mimi nalipita. Langu ni moja, na umelisikia tangu ukiwa mdogo: positive ya nini?

Kwa mtu wa maabara, positive maana yake kilichotafutwa kimeonekana. Basi. Haisemi ni kizuri au kibaya. Mkojo wa binti aliyeolewa akakaa muda bila mtoto ukiwa positive, wodi nzima inapiga vigelegele. Makohozi yakiwa positive, mtu anaanza dawa za kifua kikuu. Na kwenye kundi la damu, kinachotafutwa ni kitu wanachokiita D, kilicho juu ya chembe nyekundu. Ile Rh inayoandikwa pembeni imetokana na jina la nyani wa rhesus, ambao Landsteiner na Wiener walitumia damu yao katika utafiti walioutangaza mwaka 1940. Sisi Waafrika zaidi ya tisa kati ya kumi tunacho, ndiyo maana karibu kila mtu hapa kwetu ni positive na hana habari. Kule leba aliyetunyima usingizi alikuwa mama aliye negative. Akizaa mtoto aliye positive, mwili wa mama unaweza kujijengea kinga inayokuja kushambulia damu ya mtoto wa mimba inayofuata, na ili kuzuia hilo sindano ya anti-D inatakiwa achomwe ndani ya saa 72 tangu ajifungue. Tulikuwa tunaihangaikia hiyo sindano mpaka kwenye hospitali za misheni. Kwa hiyo usiniambie positive ni mbaya na negative ni nzuri. Ya nini? Taja kilichotafutwa.

Baba yako mdogo hakutajiwa.

Unajua alivyozaliwa mdogo wako, 1992, kwa kisu, na damu iliyonitoka. Unajua pia maneno yaliyokuwa yakisemwa nyumbani, kwamba baba yako mdogo aliitwa kunitolea damu akakimbia, akaja kuongezewa mimi damu ya mwalimu wa sekondari ambaye hata hakuwa ndugu. Ulikuwa mkubwa wa kutosha kuona baba yenu, Mungu amrehemu, alivyokuwa akiinuka barazani mdogo wake akitokea. Nadhani sehemu iliyobaki hujawahi kuisikia kwangu yote.

Ukumbuke ilikuwa Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kutangazwa nchini walitoka kwetu, 1983, wakati watu wakiuita ugonjwa Juliana. Miaka ile tulikuwa tunazika kila wiki. Dawa hazikuwapo, ARV za bure zilikuja kuanza kutolewa 2004. Mtu aliyemaliza darasa la saba kama baba yako mdogo Kiingereza hakukijua, lakini neno positive alilijua, tena kwa maana moja tu.

Basi alifika maabara, wakamtoboa kidole kupima kundi. Damu ya kupima virusi ilikuwa bado hata haijachukuliwa. Kijana wa maabara akaandika karatasi, akampa mkononi, akamwambia, "Peleka wodini, urudi tukutoe." Hakuongeza neno. Shemeji yangu akasoma njiani. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kisha akaondoka na karatasi yake mfukoni, akatembea kwa miguu hadi nyumbani.

Hakukimbia kwa woga wa sindano, mwanangu. Alikimbia ili asinipe damu aliyoamini itaniua. Nalisema hili kila ninapopata nafasi na nitaendelea kulisema, kwa sababu kwa karibu miaka miwili aliitwa mwoga na akanyamaza.

Na unamkumbuka yule binti wa Kanyigo aliyekuwa akija kusaidia kumenya ndizi siku za sikukuu? Mahari ilikuwa imeshatolewa nusu. Baba yako mdogo alikwenda kwao mwenyewe, bila mshenga, akawaambia wamtafutie mtoto wao mume mwingine. Hakusema sababu. Wazee wa pale waliona wametukanwa, na bibi yako aliugua kwa aibu. Binti aliolewa Karagwe kabla mwaka haujaisha.

Tukaja kujua kwa homa tu. Alishikwa na malaria akawa haamki, nikaenda kumtundikia dripu kwenye chumba chake. Nikimwambia habari ya kupelekwa hospitali anakataa. Mwishowe akaniambia, "Shemeji, usihangaike. Ugonjwa wangu ninaujua." Akaniomba nimchukulie Biblia pale dirishani. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imekatika kwenye mikunjo, ina muhuri wa zambarau. Jina lake. Group O. Halafu Rh, imeandikwa kwa kalamu ya wino, ndogo, imefifia kwa jasho la mfukoni mpaka ukiitazama juu juu huioni. Na mbele yake, kwa herufi kubwa ambazo hazikufifia hata kidogo: POSITIVE.

Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Alipopata nafuu nikampeleka kupimwa virusi, mbali, wasipotujua. Majibu yalipotoka mpimaji akamwambia, "Negative." Nikamwona shemeji yangu anainamisha kichwa. Miaka miwili alikuwa amelishika neno moja, na sasa kumbe alidhani negative ni daraja la chini yake, amekosa kabisa! Nikamshika bega nikamwambia, "Virusi vya Ukimwi wametafuta kwenye damu yako, hawakuviona. Huna." Alicheka mpaka watu wa foleni wakageuka kututazama. Mimi ndiye niliyelia. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko nafurahi, halafu nakumbuka yule binti aliyekwenda Karagwe, na ile furaha inaingia mchanga. Baba yenu alimfuata mdogo wake jioni ileile, wakakaa nje mpaka usiku mkubwa. Sijui walisemezana nini na sikuuliza.

Sasa utaniuliza nani alaumiwe. Yule kijana wa maabara alikuwa peke yake na foleni ndefu, na alichoandika kilikuwa sahihi kwa kila herufi. Lakini sahihi ya nini ikiwa msomaji hakujua kilichotafutwa? Halafu najijibu mwenyewe: shemeji naye si angeuliza? Angemuuliza nani, miaka ile, kwa mdomo upi? Na isingekuwa karatasi ile, asingemwoa mama yako mdogo, na nyie msingekuwa na wale binamu zenu. Siwezi kumtazama mama yako mdogo nikasema ile karatasi ilikuwa hasara tupu. Wala siwezi kusema haikuwa hasara. Hapo nanyamaza, ingawa si kwa kupenda.

Ninajua pia utakachonijibu, kwamba wagonjwa wenu wa leo positive wanaielewa, tena wengine wameichagua wao. Wamama wa kliniki wanasema "mimi ni positive" bila kuficha uso, kwa sababu ni neno jepesi mdomoni kuliko kusema una maambukizi ya VVU mbele ya mama mkwe. Ni kweli. Mtu akijiita hivyo mwenyewe, msimsahihishe. Neno analojisitiri nalo mtu, si letu kumvua. Ila ninyi mnaotoa majibu hamjisitiri kitu. Nyinyi semeni sentensi nzima: tumetafuta hiki, tumekiona, na sasa tunafanya hivi. Kisha mumwombe arudie kwa maneno yake alichosikia. Hapo ndipo mtajua kama mmesema.

Kuhusu chanya, kikao chenu kiamue. Kama mganga wako atasisitiza kujua mama yako anasemaje, mwambie karatasi za kundi la damu ziandikwe "Kundi la damu: O, Rh positive" kwenye mstari mmoja, kwa ukubwa mmoja wa herufi, na asikabidhiwe mtu karatasi yoyote kabla hajaambiwa kwa mdomo ni ya kipimo gani. Hilo halihitaji kamusi wala bajeti.

Baba yako mdogo atapita kwenu mwezi ujao akienda Dar. Mpikie ndizi, na habari hizi usimuulize mbele ya mkewe.

Mama yako