Ada za udugu: panga saa za kazi kabla ya kuwatoa wanachama

Ndugu mweka hazina, nimekuelewa: wanachama sita wa udugu wenu (fraternity, yaani chama cha wanafunzi wa kiume) hapo chuoni Marekani wanadaiwa ada ya dola 600 kila mmoja kwa muhula, na hutaki mtu atoke kwa kukosa pesa.

Anza na hesabu. Mwanachama akipata kazi ya chuoni ya dola 12 kwa saa, saa 5 kwa wiki, inaleta dola 120 kila wiki mbili kabla ya makato. Hiyo inatosha awamu 6 za dola 100. Awamu ya kwanza iweke wiki ya 3, maana mshahara wa mwanzo huchelewa, na siku ya kulipa iwe ileile mshahara unapoingia. Ukingoja mwisho wa muhula, pesa imeshaliwa.

Maktaba, bwalo na ukumbi wa mazoezi hujaza nafasi za kazi mapema, kwa hiyo wanachama waombe kabla masomo hayajaanza. Kila mmoja asome barua yake ya msaada wa masomo: akiona Federal Work-Study (mpango wa serikali kuu wa kazi kwa wanafunzi wenye uhitaji wa pesa), ajue mara nyingi kazi lazima aitafute mwenyewe, na pesa huja kama mshahara.

Kuwapunguzia ada kwa kuosha vyombo kwenye nyumba ya udugu ni malipo pia, hivyo mwulize mhasibu kuhusu kodi. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni) asiguse mpango huo kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Yeye hapati Work-Study, na wakati wa masomo anaruhusiwa saa 20 tu kwa wiki ndani ya chuo. Akikosea, anaweza kupoteza hadhi yake ya F-1.