Je, kontena hulipiwa nauli?

SWALI: Mwalimu, nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Embakasi, na kazi yangu ni kutafsiri ankara za wateja. Juzi niliandika "nauli ya kontena". Mkubwa wangu akacheka, akasema nauli ni ya abiria wa matatu. Nani kakosea?

JIBU: Wewe hukukosea. Nauli ni malipo ya kusafiri au kusafirisha mali, na neno lenyewe lilikuwa la baharini kabla halijapanda matatu. Tulilipata kwa Waarabu, nao wakalipata kwa Wagiriki, walioita malipo ya chombo naulon, kutokana na naus, yaani meli. Tena nahodha, aliyetujia kutoka Kiajemi, ana mzizi huohuo wa kale: nav ni chombo cha majini, khuda ni mwenyewe, bwana wake. Makanga wa Rongai akidai nauli, anataja meli bila habari.

Mkubwa wako namwelewa lakini. Nairobi nauli imekuwa "fea", kitu cha kutumwa kwa M-Pesa kisha kikaliwa na mtu asitokee.

Kinachovuruga ankara ni Kiingereza, ambacho neno lake moja, "freight", hutaja bidhaa zilizomo melini na pia pesa za kuzisafirisha. Sisi tunatenganisha. Bidhaa ni shehena, pesa ni nauli. Shehena hupakiwa na kupakuliwa. Nauli hulipwa tu. Ukikuta "shehena imelipwa", rudi kwenye hati ya asili uone ni kipi hasa kilicholipwa.

Na usiiachie nauli imeze kila malipo. Mashine ikiagizwa kutoka Japani, forodha kwa kawaida huanza hesabu ya ushuru kwa kujumlisha bei ya kuinunua, bima, na nauli ya kuifikisha Mombasa. Ada za bandari si nauli. Faini ya kuchelewesha kontena si nauli pia, hata kama anayedai ni mwenye meli yuleyule. Safari ya kutoka Mombasa hadi Embakasi nayo ina nauli, ila ipe mstari wake: "nauli ya baharini" juu, "nauli ya reli" au "ya lori" chini. "Gharama za usafirishaji" si kosa, ila ni kapu. Mteja hatajua ndani mna nini.

Wingi wake ni nauli zilezile: nauli imelipwa, nauli zimelipwa. "Manauli" waachie wa stejini.