Unaanza kuchambua benki za serikali? Uliza kwanza ni hatari ipi

Karibu kila anayeingia kwenye uchambuzi wa benki huja na swali moja: benki ya serikali ni salama kuliko ya binafsi, au ni hatari zaidi? Lipasue swali hilo kabla hujafungua takwimu. Kuna hatari ya benki kushindwa kuwalipa wenye amana na wadai wengine, na kuna hatari iliyomo ndani ya mikopo yenyewe. Watafiti Iannotta, Nocera na Sironi walipochunguza benki kubwa za Ulaya Magharibi waliona kuwa zenye mkono wa serikali hazielekei sana kufilisika, ilhali shughuli zake ni za hatari zaidi. Hazina ya serikali humlinda mweka amana. Mkopo mbovu haiuponyi.

Kwa hiyo, mashirika yanayokadiria uwezo wa benki kulipa madeni yanapotoa madaraja mawili, yasome yote: lile linalohesabu msaada wa serikali, na lile la benki ikisimama peke yake. Pengo lililopo ni mzigo wa mlipa kodi, ambaye hakuulizwa.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni Landesbank za Ujerumani, mali ya majimbo na benki za akiba. Mwaka 2001 Ujerumani ilikubaliana na Tume ya Ulaya kwamba dhamana ya serikali kwa madeni mapya ya benki hizo ikome Julai 2005. Zikatumia muda uliobaki kukopa kwa wingi, maana deni la kabla ya tarehe hiyo lingeendelea kulindwa kwa miaka kadhaa. Fedha zikazidi wakopaji wa nyumbani, na sehemu ikaishia kwenye hati zilizojengwa juu ya mikopo ya nyumba za Marekani. Mbili kati ya benki hizo ziliishia pabaya: SachsenLB ililazimika kuokolewa Agosti 2007, na WestLB ikavunjwa mwaka 2012. Shinikizo la wanasiasa halikuhitajika hapo. Dhamana ya bure ilitosha.

Kwingine shinikizo lipo wazi. Nchini Pakistani, watafiti Khwaja na Mian walikuta kampuni zenye mwanasiasa kwenye bodi zikikopa asilimia 45 zaidi ya nyingine na kushindwa kulipa kwa kiwango cha asilimia 50 zaidi, na upendeleo huo ulikuwa kwenye benki za serikali tu. Weka kalenda ya uchaguzi kando ya jedwali lako la mikopo, uone kama mikopo inafuata siasa.

Jihadhari pia na mwelekeo wa chanzo na matokeo. Serikali ya Uingereza ilichukua hisa nyingi za benki ya RBS (Royal Bank of Scotland) mwaka 2008 kwa sababu benki ilikuwa tayari inazama. Usipoangalia tarehe, hasara za wenye hisa binafsi zitasomeka kama uzembe wa serikali.

Uwiano wa mikopo chechefu, yaani sehemu ya mikopo isiyolipwa ipasavyo, nao usiuamini haraka. Mkopo wa mkubwa hauitwi chechefu. Hupangwa upya, kisha hupangwa upya tena. India, benki kuu ilipolazimisha ukaguzi wa mikopo kuanzia 2015, uwiano wa benki za umma ulipanda hadi kupita asilimia 14 kufikia Machi 2018. Mikopo hiyo ilikuwepo vitabuni muda wote, kwa hiyo anza kusoma kwenye maelezo ya nyongeza ya hesabu, panapotajwa mikopo iliyobadilishiwa masharti.