Swali la msomaji: Haya majina ya mifupa mbona hayakai kichwani?

Habari yako mwalimu. Mimi niko mwaka wa kwanza hapa Kisumu, nasomea uafisa wa kliniki. Ile mifupa 206 nimejikaza nimeijua, shida ni sehemu zake, forameni, fosa, kondaili, tubakali, trokanta, nakariri usiku mpaka macho yanauma na asubuhi zote zimeshatoka. Mtihani wa kuzunguka meza ni wiki mbili zijazo. Nifanyeje?
Atieno, Kondele

JIBU: Pole sana Atieno, lakini weka hiyo karatasi kando kwanza. Hayo majina ni Kilatini na Kigiriki na mengi yanasema tu vile kitu kinakaa. Forameni ni tundu, basi. Fosa ni shimo au mtaro, kondaili ni kifundo kama vile vya vidole ukikunja ngumi, tubakali ni kinundu kidogo. Cha muhimu ni ujiulize hapo kwa mfupa kuna kazi gani, kwa sababu tundu liko kwa vile kuna neva au mshipa wa damu unapita, na nundu iko kwa vile kuna msuli au kano inavuta.

Jumamosi ukinunua mguu wa mbuzi mwambie mwenye buchari asiukatekate mfupa wa paja, akuachie mzima, uchemshe mpaka nyama iachane nao yenyewe alafu uushike mkononi. Juu kuna kichwa cha mviringo, kinateleza kama yai limemenywa, hicho ndio huingia kwa nyonga. Kando yake kuna nundu kubwa, pitisha kidole utasikia inakwaruza, hiyo ni trokanta kubwa na misuli ya tako inajishikilia hapo. Kwa binadamu trokanta iko kwa mfupa wa paja peke yake, kwa hivyo ukiulizwa hiyo huwezi kupotea. Chini kuna vifundo viwili laini vya goti, hizo ni kondaili. Umeona sasa? Palipo laini ni kiungo, palipokwaruza pameshikwa.

Alafu rudi kwa mwili wako. Shika chini kidogo ya pia ya goti, ile nundu ngumu ni tuberositi ya tibia, yaani ya mfupa mkubwa wa muundi, kano ya goti inashika hapo na ndio maana watoto wanaocheza mpira sana wakiwa wanarefuka huumwa papo hapo. Nyuma ya sikio kuna mfupa umetokeza, hiyo ni prosesi ya mastoidi, geuza kichwa upande ule mwingine usikie msuli unaotoka hapo ukikazana kushuka shingoni. Kifundo cha mguu upande wa nje ni maleolasi, maana yake nyundo ndogo, na ni mwisho wa fibula, ule mfupa mwembamba kando ya tibia, ule wa ndani ni wa tibia, hapo wengi huchanganya kwa mtihani. Na ukigonga kiwiko ukasikia kama stima imekupiga mpaka kidole cha mwisho, hiyo ni neva ya alna, inapita nyuma ya epikondaili ya ndani, ile nundu ya kiwiko upande wa ndani, bila nyama ya kuikinga.

Tundu kubwa chini ya fuvu, forameni magnamu, huwezi kulishika, hilo muombe mwalimu wa maabara akupe fuvu, upitishe kidole mwenyewe pale uti wa mgongo, ule ugwe wa neva sio mifupa, unapotokea.