Usifunge Tepu Juu ya Tepu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mpeketoni aliniandikia. Ana Land Rover Series III aliyoachiwa na babake. Akikanyaga breki, indiketa za nyuma nazo zinawaka kwa mbali, na akiwasha taa kubwa zinatoa mwanga kama wa koroboi. "Mzee, niunge-unge au nitoe waya zote?" Nikacheka, si kwa ubaya. Swali hilohilo nililiuliza mimi hapa Malindi miaka minne iliyopita, na niliyemuuliza ndiye aliyenichomea gari.

Langu ni la 1976. Lilikuwa la marehemu ami, akipakia nazi kutoka Mambrui, na usiku likilala hatua chache kutoka baharini. Bodi yake aluminiamu, chasisi chuma, waya shaba, na hewa yenyewe ina chumvi. Nilipolirithi, taa moja ilikuwa kipofu na honi inalia ikijisikia.

Nikalipeleka kwa fundi. Jina lake silitaji, mtu tunaswali safu moja. Kila nikimwendea anakata waya, anasokota nyingine, anafunga tepu. Ikifa tena, tepu juu ya tepu. Fyuzi moja ikawa inakatika kila wiki, basi siku hiyo akachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaizungushia fyuzi, akairudisha. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikamlipa, tena nikamshukuru.

Mwezi haukuisha. Nikitoka Gongoni baada ya isha, sijafika daraja la Sabaki, nikasikia harufu ya plastiki, kisha moshi ukapanda chini ya usukani. Nikazima ufunguo; moshi haukujali. Nikafungua boneti, terminali ya betri imeganda kwa kutu na spana sina. Aliyeniokoa ni dereva wa lori la chumvi: alisimama, akaruka na spana mkononi, akang'oa waya ya betri kabla sijamaliza kupiga kelele.

Kesho yake barazani: "Bwana, jana ulikuwa ukichoma mishikaki?" Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi naye akaja, akatazama, akasema, "Gari zee hili, ningefanyaje?" Neno hilo mpaka leo halijanishuka.

Nilipopasua lile fungu la waya nyuma ya dashibodi, zilikuwa zimeshikana kama tambi zilizoungulia sufuriani. Zikifika hapo hakuna cha kuunga. Nikaagiza waringi mzima kutoka Uingereza, na pesa zake sizitaji kwa sababu mke wangu husoma hapa. Nikaapa hataligusa gari hili fundi yeyote tena.

Kufungua dashibodi sitakusimulia, ni bisibisi na matusi tu. Nitakwambia nilipokosea. Waya za taa za nyuma hupita ndani ya chasisi. Mimi kwa hasira nikazivuta zikatoka zote, na matope yake. Kumbe kabla ya kuvuta ulitakiwa ufunge kamba imara kwenye ncha ya mbele ili, zikitokea nyuma, kamba ibaki ndani ikusubiri kuvutia mpya. Nililala chini ya gari siku mbili nikisukuma mshipi wa kuvulia kwa kijiti, mke wangu akinimulikia tochi na kuniuliza kama nimepata samaki.

Rangi zijue kama ujuavyo watoto wako. Kahawia inatoka betri, haipiti fyuzi wala haizimwi na ufunguo. Ndiyo maana yangu iliendelea kuungua. Nyeupe inapata moto, yaani umeme, ukifungua swichi ya ufunguo. Kijani ni moto wa swichi uliokwisha kupita fyuzi. Buluu taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari. Kijani yenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, yenye mstari mweupe ni ya kulia. Piga picha kabla ya kuchomoa chochote. Kisha piga picha tena.

Na taa kubwa ziwekee relei, swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya kiswichi cha mkono. Balbu mbili za wati 55 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 9, na bila relei mzigo wote huo unapita kwenye kiswichi cha usukani kilichozeeka kuliko wewe.

Sasa kijana wa Mpeketoni, usinunue kitu bado. Gari lako nadhani lina ugonjwa wa ethi. Washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha taa ya nyuma. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu: fungua skrubu, kwangua mpaka ung'ae, paka grisi, funga. Huenda ukamaliza kwa msasa wa shilingi chache. Lakini ukiona waya iliyoyeyuka, au kutu ya kijani imeingia ndani ya gamba lake, toa zote. Wala usinunue tepu!

Na nyinyi vijana mnaotaka gari liwake leo ili mpige nalo picha kesho, fyuzi inapokatika inakwambia kitu. Mkiifunga karatasi mmeiziba mdomo. Nimesema. Mimi mwenyewe niliiziba, tena kwa pesa yangu.

Langu liliwaka usiku wa mwezi 27 Ramadhani, taa zote nne, indiketa, honi kwa wakati wake. Yule fundi alipita, akainama chini ya dashibodi kwa muda mrefu akitafuta kosa. Akapata waya moja imefungwa tepu peke yake, haiendi popote.

"Na hii umeshindwa kuiunga?"

"Hiyo ni ya hita," nikamwambia. "Ya kupasha gari joto. Ukitaka nikuunganishie, kaa ndani."