Kabla hujanunua pampu ya tatu kwenye tangi la matumbawe

Mkuu nimekusoma. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300 hivi, pampu mbili za mawimbi za lita 4000 kwa saa kila moja zimekaa kulia na kushoto zinatazamana, pampu ya kupandisha maji kutoka sampu (lile tangi dogo la chini la kuchujia) imeandikwa lita 3000, na bado uchafu unatuama nyuma ya mawe na mchanga unavaa utando mwekundu, sasa unataka kuongeza pampu ya tatu. Hiyo hela iache kwanza.

Tupige hesabu. Tangi la mchanganyiko, yaani matumbawe laini na magumu pamoja, watu wengi wanalenga maji yazunguke mara 20 mpaka 40 kwa saa, ukiwa na matumbawe laini tupu hata 10 mpaka 20 zinatosha, wanaopita 50 ni wale wa Acropora na wenzake, matumbawe magumu yanayopenda mkondo mkali. Zako mbili peke yake ni 8000 gawa kwa 300, kama mara 27. Nguvu unayo! Ile ya sampu usiihesabu kwa namba ya kwenye boksi maana ile wanaipima pampu ikiwa haipandishi maji popote, ukishaiwekea bomba la mita moja na nusu na elibo tatu (viungo vya kona) inashuka vibaya. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba linaloteremsha maji kwenye sampu halafu tazama saa, ikijaa kwa sekunde 20 una lita 1800 kwa saa, mara 6 ya tangi, na kwa sampu hiyo inatosha, ukiongeza hapo unapata kelele na vipovu tu.

Tatizo naliona kwenye ile picha uliyotuma, ni mawe. Umeyapanga kama ukuta umeegemea kioo cha nyuma kuanzia kona hadi kona, sasa maji yatapita wapi? Hata uweke pampu kumi ni kama feni umeielekeza ukutani, mbele kunavuma nyuma joto lile lile. Yavunje uyafanye visiwa viwili, katikati uache mkondo, na nyuma uache nafasi mkono wako upite mpaka chini na sumaku ya kusafishia kioo ipite bila kukwama. Jiwe la chini kabisa lisilale lote kwenye mchanga, liinue kwa vijiwe vidogo maji yapite chini yake. Ni kazi ya jioni nzima na maji yatachafuka, weka soksi mpya (mfuko wa kuchuja uchafu) kwenye sampu na siku hiyo usiwape chakula kingi.

Pili, kutazamana. Pampu mbili zikipigana uso kwa uso nguvu inafia katikati na uchafu wote unadondoka hapo hapo, nina uhakika ukiangalia mchanga wako lile rundo liko katikati. Mie yangu nimezipanga hivi: ya kushoto iko juu karibu na uso wa maji inasukuma urefu wote wa tangi, maji yakifika kioo cha kulia yanageuka yanashuka na kurudi kwa chini, tangi zima linakuwa mzunguko mmoja mkubwa. Baada ya saa sita ile inapungua mpaka asilimia 20 na ya kulia inashika, mzunguko unageuka. Sijabuni kitu, pwani kwetu maji yanajaa kama saa sita na kupwa kama saa sita na mwamba unaoshwa pande zote mbili, tumbawe lililozoea hivyo ukilipulizia upande mmoja mwaka mzima ule upande wa pili unajaa uchafu na nyama inaanza kurudi nyuma. Kama pampu zako hazina kontrola nunua taima mbili za kawaida za ukutani, ila ziachie dakika kadhaa zote mbili ziwe zinafanya kazi pamoja wakati wa kupokezana.

Na kwa nini tunahangaika na mkondo? Tumbawe halina moyo wala mapafu, oksijeni inaingia na taka zinatoka kupitia ngozi tu, na kwenye ngozi kuna tabaka jembamba la maji lililotulia haliendi popote. Mkondo unalipunguza lile tabaka. Lakini mkondo mpana unaoyumba yumba, sio ule wa moja kwa moja kama mpira wa kuoshea gari. Zile Euphyllia zako, matumbawe yenye mikono mirefu wanayoyaita hama na tochi, zikipigwa moja kwa moja nyama inachanika kwenye ncha za mifupa yake, zinatakiwa zicheze taratibu. Ukiona zimejikunja upande mmoja muda wote, sogeza.

Kuona mkondo ni rahisi, zima taa usiku, washa tochi kwa pembeni, chukua sirinji umwage chakula cha unga kidogo kidogo kila kona. Kinapokaa bila kusogea ndipo penye shida. Ule utando mwekundu nao ni bakteria, mkondo utasaidia usishike lakini kama nitreti na fosfeti (virutubisho vinavyotokana na chakula na taka) zimezidi utarudi tu, kwa hiyo uvute kwa mpira kila unapobadilisha maji.

Mdomo wa bomba la kurudisha uelekeze juu kidogo uso wa maji utetemeke, hewa inaingia hapo, na huku Muscat wakati wa joto ndio naona umuhimu wake maana maji yakipata moto yanashika oksijeni kidogo. Toboa na kitundu kidogo kwenye hilo bomba chini kidogo ya usawa wa maji, umeme ukikatika kitavuta hewa, la sivyo maji ya tangi yatarudi yote hadi usawa wa mdomo na sampu itamwagika sebuleni. Huko Dar umeme unavyokatika hiyo ni lazima. Na inveta ukiwa nayo ndogo, ipe pampu moja ya mawimbi, sio taa. Matumbawe yatavumilia giza siku moja mbili, maji yaliyosimama ni masaa tu.

Zifungue pia hizo ulizonazo uangalie, ule ukoko wa zambarau ukishika kwenye panga na kwenye impela (kile kipande cha ndani kinachozunguka) nguvu inashuka polepole na wewe hujui. Siki nusu maji nusu, au ndimu ya unga kwenye maji ya uvuguvugu, loweka, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza vizuri urudishe. Kama kuna anemoni (mnyama laini anayeweza kutembea na kunyonywa na pampu) funika mdomo wa kuvuta maji kwa wavu wa matundu mapana, sifongo usiweke, inaziba haraka na pampu inabaki inanguruma bila kusukuma kitu.