Winchi ya nanga inagonga "ta" halafu haizunguki: usinunue mota kabla hujapima

Mkuu, umeeleza kwamba boti yako ya faiba iko Msasani na winchi ya nanga ni ya volti 12. Ukibonyeza swichi unasikia "ta" kule omo, yaani mbele ya boti, kisha kimya. Betri inasoma 12.6, na fundi ameshakwambia mota imeungua utafute nyingine. Usitoe hela bado. Nimekaa miaka na boti zinazopeleka watu visiwa vya Mbudya na Bongoyo, na winchi nyingi ninazoitiwa kwamba "mota imekufa" nakuta mota ni nzima. Umeme ndio haufiki.

Hiyo "ta" yenyewe ni habari njema. Winchi ina njia mbili za umeme: waya mwembamba unaotoka kwenye swichi kwenda kuamsha solenoidi, yaani swichi kubwa ya sumaku inayofungulia mota umeme, na kebo nene inayobeba umeme wa kazi. Solenoidi ikigonga, ujue swichi iko sawa, fyuzi yake ndogo iko sawa na koili iko sawa. Usihangaike nazo. Ingekuwa haigongi kabisa ningekwambia uanzie kwenye swichi ya mguu, maana ule mpira wake ukichanika maji ya chumvi yanaingia mpaka ndani.

Kabla hujashika chochote, ufunge mnyororo kwa kamba imara pembeni ili winchi isibebe uzito, na mtu yeyote asiweke vidole karibu na mnyororo wakati unajaribu. Winchi iliyogoma inaweza kushtuka ghafla.

Sasa kuhusu hiyo 12.6. Hiyo ni betri iliyopumzika, haikwambii kitu kuhusu kebo. Ni kama bomba lililojaa mchanga: koki ikiwa imefungwa presha inaonekana kamili, ukifungua maji yanachuruzika. Winchi ya wati 1000 inakula zaidi ya ampea 80. Kiungo chenye kutu kikiwa na ukinzani wa omu 0.02 tu, ambao mita ya kawaida hata haiusomi vizuri, kwenye ampea 80 kinameza volti 1.6. Hizo ni wati 128 zinazogeuka joto hapo hapo kwenye kiungo. Viwe viwili vya namna hiyo, mota inabakiwa na volti 9 na kitu, na hapo hujahesabu betri yenyewe inavyoshuka.

Kwa hiyo pima winchi ikiwa inaombwa kazi. Mtu mmoja abonyeze swichi sekunde mbili tatu, wewe uweke mita kwenye nati mbili nene za mota. Ukipata karibu volti 12 na mota haitikisiki, hapo kweli ifungue mota. Ukipata sifuri, njia imekatika: angalia sakiti breka kubwa, halafu solenoidi, kwa sababu inaweza kugonga vizuri kabisa huku vidole vyake vya ndani, vile vinavyogusana kupitisha umeme, vimeungua na havipitishi kitu. Ukipata 5, 7 au 9, hamisha mita. Ncha moja iweke kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya mota, mwenzako abonyeze tena. Namba utakayoona ndiyo volti inayopotea njiani. Fanya hivyo upande wa hasi pia. Mafundi wengi huusahau. Kama njiani hakuna kinachopotea sana, pima betri yenyewe wakati huo huo: ama imechoka, ama winchi imekwama na inavuta umeme kupita kiasi.

Kuna boti moja ya uvuvi wa kambamiti ambayo kebo yake kwa nje ilikuwa inang'aa, lagi (kile kichwa cha chuma cha mwisho wa kebo) imekazwa sawasawa. Nilipochana ganda karibu na lagi, shaba ilikuwa nyeusi na unga wa kijani, nyuzi zinakatika kwa kucha. Tulikata kama shibiri nzima ndipo tukakuta shaba nyekundu. Ilikuwa kebo ya kawaida ya nchi kavu. Baharini tafuta iliyopakwa bati, lagi ibanwe kwa mashine, si kwa nyundo, halafu uvalishe mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani.

Unene nao uangalie. Betri ikiwa nyuma na winchi mbele kwenye boti yako ya mita 8, umeme unasafiri kama mita 16 kwenda na kurudi. Kebo ya milimita za mraba 16 itakula kama volti 1.4 kwenye ampea 80 hata ikiwa mpya. Ya 35 inakula kama 0.6. Mimi ningefunga ya 35.

Ikifika zamu ya mota, anza na kaboni, vile vipande vinavyosugua na kupeleka umeme sehemu inayozunguka. Zikiisha au zikikwama kwenye nyumba zake, mota inakuwa kimya hivyo hivyo kama ya kwako. Usikubali kufungiwa kaboni za grainda ya volti 220, hata kama zinaingia. Zile ni za umeme mdogo na ukinzani mkubwa. Unataka kaboni zenye shaba nyingi, aina ya zile za stata ya gari, na ukienda kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani, Dar, na ile ya zamani mkononi watakulinganishia. Kama mota yako ni ya sumaku, angalia pia sumaku hazijabanduka kwenye gamba. Ikibanduka moja inaibana mota isizunguke. Na oili ya giaboksi ikitoka nyeupe kama maziwa, sili, ule mpira wa kuzuia maji, imepitisha maji.

Ikishapona, injini iwe inawaka unapong'oa nanga, na uisogeze boti polepole kuelekea nanga ilipo. Kazi ya winchi ni kunyanyua mnyororo na nanga. Kuivuta boti dhidi ya kusi ndiko kunakounguza vile vidole vya solenoidi.

Pima mkuu, halafu niletee namba tatu: kwenye nati za mota, upande wa chanya, na upande wa hasi. Nikiziona nitakwambia ufungue wapi.